Breki ya diski inalia? Isikilize kabla ya kununua pedi

Mvua za Machi zikishaanza, udongo mwekundu wa Karura na Ngong hupenya kila pembe ya baiskeli, na wateja huja na malalamiko yaleyale: breki zinapiga yowe. Wengine huja na pedi mpya mfukoni, yaani vile vipande vinavyobana diski. Mara nyingi pedi za zamani hazina ubaya wowote, na hizo mpya zitalia vilevile.

1. Tambua sauti. Inua gurudumu, ulizungushe bila kushika breki. Mkwaruzo unaokuja na kupotea kila mzunguko ni diski iliyopinda. Mkwaruzo usiokatika ni kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, iliyokaa upande. Kukiwa kimya, lakini ukifunga breki barabarani inalia, shuku mafuta. Chuma kikisaga chuma, pedi zimekwisha, usiiendeshe tena. Ikilia diski ikiwa imelowa tu kisha ikatulia ikikauka, achana nayo.

2. Kalisha gurudumu. Simamisha baiskeli chini, legeza ekseli, ligandamize gurudumu likae sawa, kisha kaza. Hakikisha pia bolti za diski hazijalegea. Nyingi ni za bisibisi ya nyota T25. Kazi ya dakika moja, na wakati mwingine inamaliza yote.

3. Safisha diski. Hapa ndipo penye kisa kikubwa. Pedi ina vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta, na tone moja linatosha. Yanatoka wapi? Dawa ya mnyororo iliyopulizwa ovyo, vidole vyako, au yule kijana wa kuosha bodaboda aliyekumalizia na kitu cha kung'arisha. Na wapo wanaopaka breki grisi ili "inyamaze"! Itanyamaza kweli, nawe utashuka Ngong bila breki.

Tumia alkoholi ya isopropili, ile ambayo mafundi wa simu husafishia bodi. Iulizie kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki mjini. Spiriti ya hospitali siipendi kwa kazi hii, kwa sababu baadhi huchanganywa na mafuta ya mbarika. Sanitaiza ya jeli nayo ina glisirini. Futa pande zote mbili kwa kitambaa safi, ubadilishe upande wa kitambaa mpaka kisitoke na weusi. Diski iwe imepoa, na usiifute ikizunguka, itakukata kidole.

4. Piga pedi msasa. Toa gurudumu, chomoa pini, toa pedi. Kwa breki za haidroliki, zile zinazotumia mafuta badala ya waya, usibonyeze mkono wa breki gurudumu likiwa nje, pistoni zinazosukuma pedi zitasogea na kuziba nafasi ya diski. Laza msasa wa namba 120 hivi juu ya kitu bapa, uzungushe pedi polepole mpaka ule mng'ao uishe. Vaa barakoa, vumbi hilo si la kuvuta. Iwapo mafuta yamezama ndani kabisa, tupa zote mbili. Kuna wanaozichoma kwa moto wa gesi. Mimi sifanyi hivyo, maana joto linaweza kuachanisha pedi na bati lake. Kwa breki za kampuni ya Shimano, nyama ya pedi ikibaki milimita 0.5, badilisha.

5. Weka kalipa katikati. Legeza bolti zake mbili kwa spana ya aleni ya milimita 5 mpaka ichezecheze. Kwa haidroliki, bana breki, shikilia, kaza bolti kwa zamu kidogo kidogo. Breki nyingi za waya ni tofauti: pedi moja tu ndiyo husogea. Ile isiyosogea irekebishe kwa aleni ukipitia katikati ya spoku, ikae karibu na diski kadiri ya unene wa karatasi bila kuigusa.

Diski ikiwa imepinda, tafuta sehemu inayogusa, uisukume taratibu kwa spana iliyofungwa kitambaa safi. Kidogo tu, kisha izungushe uangalie.

6. Zoesha breki. Usiruke hatua hii. Pedi hupaka diski utando mwembamba sana, na utando usio sawa ndio unaoleta mtetemo na yowe. Tafuta barabara tulivu ya mtaani, piga kasi ya kadiri, funga breki moja kwa nguvu sawia mpaka mwendo wa mtu anayetembea, uachie kabla ya kusimama. Rudia kama mara 20, kisha breki ya pili.

Yowe likirudi baada ya siku chache na pedi zimelowa upya, pistoni inavuja, mpelekee fundi. Ila ujue breki za haidroliki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na nyingi za kampuni ya SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari. Ukikosea, mipira ya ndani huharibika, kwa hiyo muulize fundi anatia gani kabla hajafungua chupa.