Jinsi ya kumsoma Mtume Paulo ukamwelewa

Wengi huanza na Warumi kwa kuwa ndio waraka wa kwanza kuukuta, wakakwama kwenye sura ya tatu. Nyaraka 13 zenye jina la Paulo hazikupangwa kwa miaka. Zimepangwa takribani kwa urefu: za makanisa kwanza, kisha za watu binafsi. Kwa hiyo Warumi, ulioandikwa baada ya miaka mingi ya kuhubiri, umekaa mbele.

Anza na Filemoni. Una mistari 25 tu. Usome kwa sauti, wote kwa mkupuo mmoja. Tulia kwenye mstari wa 19: Paulo anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa deni la Onesimo, mtumwa wa Filemoni, papo hapo anamkumbusha Filemoni kuwa na yeye anadaiwa, tena nafsi yake. Ukishaisikia sauti hiyo, nyaraka nyingine hufunguka.

Halafu chukua daftari, ugawe ukurasa safu mbili. Kushoto andika anayoyasema Paulo mwenyewe katika Wagalatia 1:13 hadi 2:14: alilitesa kanisa, akaenda Arabuni, akarudi Dameski, baada ya miaka 3 akakaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15, kisha ikapita miaka 14. Kulia andika masimulizi ya Matendo ya Mitume, sura ya 9, kisha 13 hadi 28. Usilazimishe safu zilingane. Katika 2 Wakorintho 11:25 anasema amevunjikiwa na meli mara tatu, na Matendo haitaji hata moja kati ya hizo. Ile ya Malta ilitokea baadaye.

Tarehe ya kushikilia ni ya Galio, liwali wa Akaya, jimbo la Kirumi huko Ugiriki, anayetajwa Matendo 18:12. Maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi yanamweka karibu na mwaka 51 au 52 BK. Toka hapo hesabu kwenda mbele na kurudi nyuma.

Sasa mafundisho. Fuata mpangilio huu: 1 Wathesalonike, Wagalatia, Wakorintho zote mbili, ndipo Warumi. Kila waraka ujiulize kwanza: huko kulitokea nini hata akaandika? Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, kwa sababu tunasoma majibu bila kuyajua maswali. 1 Wakorintho 7:1 inasema wazi kwamba anajibu barua yao. Galatia ugomvi ulikuwa kama watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, ni lazima watahiriwe. Ukilisahau hilo, "matendo ya sheria" utayageuza kuwa matendo mema, kisha utadhani Paulo anayapinga, wakati Wagalatia 5:6 anasema imani hutenda kazi kwa upendo.

Mawili ya kusahihisha njiani: Matendo 9, Paulo anapoanguka njiani kwenda Dameski, haina farasi, na Sauli (ndiye Paulo huyo huyo) hakubadilishwa jina Dameski. Jina Paulo linaingia Matendo 13:9, akiwa Kipro, nalo ni jina lake la pili.

Ukifika Warumi, usiruke sura ya 16 kwa kuona ni salamu tupu. Humo yumo Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Wamo Priska na Akila, mafundi wa mahema kama yeye. Na mstari wa 22 Tertio, aliyeshika kalamu, anatoa salamu zake mwenyewe.