Oili ya lori jipya: usitazame kilomita peke yake

Ukinunua lori jipya, soma kwanza kitabu chake. Mara nyingi utakuta vipindi viwili vya kumwaga oili: cha kazi ya kawaida na kifupi zaidi, cha kazi ngumu. Lori la mchanga, la barabara za vumbi, au linalokaa kwenye foleni ya mpakani Tunduma injini ikiunguruma, hilo ni la kazi ngumu hata kama kilomita hazisogei. Fuata pia saa za injini, yaani jumla ya saa ambazo injini imewaka, kama dashibodi inazionyesha. Rangi isikutishe; oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa masizi. Filta ibadilishwe papo hapo na oili, tafadhali, na risiti zitunze hadi warantii iishe.