Kanisa linapopokea bunduki: kuanzia uwanjani hadi kwenye fuawe

Marekani yapo makanisa yanayotenga Jumamosi moja na kugeuza maegesho ya magari kuwa mahali pa kukatia bunduki. Mjane aliyeachiwa bastola na mumewe, au mzazi mwenye hofu juu ya kijana wake, huileta. Inakatwa mbele ya macho yake, na mtutu unaenda kwa mhunzi. Kikundi cha RAWtools cha Colorado, kilichoanza 2013 baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, kimesaidia sana kueneza kazi hii. Msumbiji walitangulia: tangu 1995 Baraza la Makanisa, chini ya msukumo wa Askofu Dinis Sengulane, lilikuwa likibadilishana silaha kwa majembe, baiskeli na cherehani.

Kanuni ni moja: bunduki isibadilishe mikono ikiwa bado ni bunduki. Katika majimbo kama Colorado, hata kumpa rafiki silaha kwa kawaida hupitia kwa muuzaji mwenye leseni anayemchunguza mpokeaji, na kanisa si duka la silaha. Kwa hiyo mwenyewe anabaki kuwa mmiliki hadi msumeno umalize. Nyie mnapokea vyuma chakavu. Sheria hutofautiana, basi tafuteni wakili wa jimbo lenu kwanza, kisha mwarifu polisi.

Kwenye kikao cha maandalizi lazima mtu atasoma Luka 22:36, auze joho anunue upanga. Msomeeni mpaka mstari wa 38, panga mbili zikatosha, kisha Mathayo 26:52, upanga ulipotakiwa kurudi mahali pake. Hata Isaya 2:4, panga zikifuliwa kuwa majembe, ina ndugu yake wa kinyume, Yoeli 3:10, majembe yakifuliwa kuwa panga. Mjadala huo uishie kikaoni. Aliyeleta bunduki hajaja kuhubiriwa dirishani mwa gari.

Tangazo liseme wazi: silaha iwe tupu, iwekwe kwenye buti, risasi zibaki nyumbani, dereva asishuke. Kama mnawapa wanaoleta bunduki kadi za manunuzi, tajeni pia kikomo chake. Bunduki 40 kwa dola 100 kila moja ni dola 4,000, na foleni ikizidi fedha mtagombana na watu wema.

Wakaguzi wawe wawili, mmoja akikagua na mwingine akirudia. Mtutu uelekee upande salama, kidole mbali na kifyatulio. Toa magazini, kasha la risasi, kwanza, ndipo uvute koki, utazame ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na kuipapasa kwa kidole. Ukianza na koki, risasi iliyokuwamo inaruka nje, unaridhika, kumbe magazini imeshapandisha nyingine. Gobore linaloshindiliwa mdomoni ndilo la kuogopwa zaidi, kwani huweza kukaa na baruti miaka mingi na halina cha kufungua. Ingiza kijiti cha mbao hadi kigote, weka alama mdomoni, kisha kilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Kikiishia mbali na kitako cha mtutu, kuna kitu ndani: liweke kando, mwite fundi wa silaha.

Mwongozo wa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, unataka mwili wa bunduki, ukikatwa, ukatwe kwa tochi ya gesi, kila mkato ukila angalau robo inchi ya chuma. Msumeno wa diski huacha mkato mwembamba unaoweza kuchomelewa tena, basi mkiutumia kateni vipande vingi, mkipita kwenye chemba na kwenye kifyatulio. Legezeni springi kabla ya kukata. Vueni mbao na plastiki, cheche huziwasha. Msiache kipuri kizima: mwaka 2023 gazeti la The New York Times lilionyesha kuwa silaha zilizokabidhiwa polisi ziharibiwe ziliharibiwa kipande kimoja tu, vingine vikauzwa kama seti.

Kwa mhunzi, si kila chuma kinafaa. Alumini haifuliki kama chuma, na bastola rahisi za aloi ya zinki hutoa moshi wenye sumu. Mitutu iliyopakwa kromu ndani iachwe pia. Mingine ioshwe, maana ina mabaki ya madini ya risasi (lead), yenye sumu, na watoto wasiiguse. Hakikisha tundu limezibuka pande zote mbili. Bomba lililoziba hulipuka motoni.

Anayeanza achukue mtutu wa bunduki ya marisawa (shotgun), kuta zake ni nyembamba. Kata sentimita 30, upasue kwa grinda hadi nusu ya urefu wake, upashe moto hadi rangi ya chungwa, ufungue kwenye pembe ya fuawe na kuubamiza uwe kijiko cha kupandikizia miche. Ukigeuka mwekundu wa giza, rudisha motoni. Kuupiga hivyo hupasua kingo. Acha upoe hewani. Maji huweza kuutia nyufa, na kijiko cha bustani hakihitaji ugumu huo. Nusu isiyopasuliwa ndiyo ya mpini: mtutu wa geji 12, kipimo cha kawaida cha bunduki hizo, una tundu la milimita 18 na ushee. Chonga mti mkavu uingie kwa kubana, toboa, piga ribiti.