Kabla Hujaahidi Tarehe: Kuandaa Hesabu ya Uwezo wa Vituo vya Kazi

Oda za vitanda vya bweni huingia Novemba. Shule zinataka wanafunzi wakiripoti Januari wakute deka, yaani vitanda vya ghorofa, zimeshapangwa, na kwa hiyo karakana za chuma za Nairobi, kuanzia Kariobangi Light Industries hadi Industrial Area, hupokea simu ileile: mtamaliza lini? Nimekaa kwenye meza ya kupanga uzalishaji misimu kadhaa ya namna hiyo, na nimeona tarehe zikitolewa kwa imani tu, kisha mafundi wakilala karakanani wiki ya mwisho ili kuitimiza ahadi ambayo hawakuulizwa.

Kupanga mahitaji ya uwezo ni kuichukua kila oda, kuigeuza kuwa saa za kazi katika kila kituo, yaani kila mahali panapofanyika hatua moja ya kazi, wiki kwa wiki, halafu kuzilinganisha saa hizo na zile ambazo kituo kinaweza kutoa kweli. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kujumlisha, na Excel inatosha. Uzito wote uko kwenye maandalizi, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Kwanza hakikisha mpango wa vifaa umeshafanyika, tena kwa takwimu za kweli. Mfumo wa MRP (Material Requirements Planning, kupanga mahitaji ya vifaa), ulioenezwa na kina Joseph Orlicky na Oliver Wight huko Marekani kuanzia miaka ya 1960, huchukua ratiba kuu ya uzalishaji, huipasua kila bidhaa kuwa vipande vyake, hutoa kilichopo stoo, na kukuambia nini kitengenezwe na lini kianze. Unafanya hayo vizuri sana, lakini hauulizi kama kuna fundi au mashine ya kuifanya kazi hiyo. Kwake uwezo hauna mwisho. Hesabu ya uwezo inakuja baada yake kuuliza swali hilo. Kwa hiyo kama kadi ya stoo inasema kuna miguu 200 ya kitanda na rafu ina 140, miguu 60 itakosekana kwenye mpango, na saa za kuikata hazitaonekana popote mpaka siku fundi atakapofika rafuni na kukuta patupu. Nenda ukahesabu kwa mkono kabla ya kitu kingine.

Kisha kusanya kazi ambazo tayari ziko sakafuni. Hili husahaulika kuliko yote. Mtu anapiga hesabu ya oda mpya tu, ilhali makabati 90 ya oda ya Oktoba bado yanasubiri kuchomelewa nyuma ya mlango. Oda zilizopangwa na oda zilizokwisha kutolewa kwa mafundi zote zinakula saa zilezile. Kwa zile zilizotolewa, andika hatua zilizobaki peke yake: kabati lililokwisha kukatwa na kukunjwa halidai tena saa za msumeno.

Sasa tuje kwenye njia ya kazi, yaani mlolongo wa vituo ambavyo kipande hupitia, pamoja na muda wa kila kituo. Kwa deka ya chuma njia ni fupi: kukata, kukunja na kutoboa, kuchomelea, gurinda ya kulainisha viungo, kuosha, kupuliza rangi ya poda, tanuri ya kuivisha rangi hiyo, kufungasha. Hapa usikubali muda wa kukisia, hata ukitoka kwa fundi unayemheshimu. Niliwahi kumuuliza fundi wetu mkongwe wa kuchomelea, mtu ambaye viungo vyake havijawahi kurudishwa.

"Fundi, deka moja inakuchukua muda gani?"

"Nusu saa, mkuu. Ikizidi sana, dakika thelathini na tano."

Nikaomba ruhusa nikae naye nikiwa na saa ya simu. Alikuwa mkweli kwa namna anavyoiona kazi: alihesabu tangu cheche ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini kabla ya cheche aliokota mabomba manne yaliyolala chini, akayapangusa mafuta, akayabana kwenye jigi, kibanio kinachoshikilia fremu katika umbo lake, akapima pembe kwa skwea, akagusisha nukta nukta ili fremu isipinde. Katikati alibadilisha kijiti cha kuchomelea mara kadhaa, akaigeuza fremu, akagonga takataka za juu ya kiungo kwa nyundo ndogo na kupiga brashi. Deka tano nilizopima zilitoa wastani wa dakika 42. Kati ya nusu saa na dakika 42, kwa oda yetu ya vitanda 160, kuna saa 32 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Nilipomwonyesha karatasi aliitazama kwa muda, akasema, "Kumbe ndiyo maana huwa tunachelewa." Hakuna aliyekuwa amempimia kazi yake kabla ya siku hiyo.

Tenganisha muda wa kuandaa mashine na muda wa kila kipande. Kuseti jigi ni nusu saa, uwe unachomelea vitanda kumi au themanini. Kwenye chumba cha kupuliza poda jambo hili lina uzito zaidi, maana kubadili rangi ni kusafisha bunduki ya kupulizia, mipira yake na kuta za chumba chote. Chembe ya buluu ikibaki, itaonekana kwenye kitanda cheupe kama kinyesi cha nzi, na kitanda kitarudi mwanzo. Ndiyo sababu tunapanga rangi kutoka nyepesi kwenda nzito, na kuoanisha oda za rangi moja hata kama ni za shule tofauti. Mwenye kuandaa takwimu aandike muda wa kubadili rangi kwa kila jozi ya rangi, kwa kuwa kijivu kwenda nyeusi si sawa na buluu kwenda nyeupe.

Baada ya mzigo, uwezo. Chukua kituo cha kuchomelea chenye meza nne, kila moja na fundi wake, saa nane Jumatatu hadi Ijumaa na tano Jumamosi. Hizo ni saa 45 kwa meza, 180 kwa kituo. Mpangaji mchanga huishia hapo. Lakini katika hizo 180 kuna umeme unaokatika, mashine inayopelekwa kutengenezwa, fundi aliyekwenda kliniki na mtoto. Tuseme kituo hufanya kazi asilimia 85 ya muda uliopo, na kasi ya mafundi ni asilimia 90 ya muda uliopimwa. 180 mara 0.85 mara 0.90 ni saa 137.7.

Weka mzigo kando yake. Vitanda 160 kwa dakika 42 ni saa 112. Makabati 90 kwa dakika 18 ni saa 27. Kuseti jigi mara nne, saa 2. Jumla 141. Karatasi inasema kituo kimezidiwa kidogo tu, asilimia mbili na ushee, na hapo ndipo wengi husema "tutasukuma." Mimi ninaomba kipimo kimoja zaidi kabla ya neno hilo: uwezo uliokwisha kuonekana. Rudi kwenye daftari la kituo, chukua wiki nne zilizopita zisizo na ajabu yoyote, na ubadilishe kilichotoka kuwa saa za kazi kwa muda uliopimwa. Yetu ilikuwa 131, 118, 126 na 133, wastani 127. Mzigo wa 141 juu ya 127 ni asilimia 111. Saa 14 zinakosekana, na hazitapatikana kwa kusukuma. Asilimia 85 na 90 tulizichagua sisi mezani, lakini 127 imetoka mikononi mwa mafundi wenyewe, kwa hiyo ndiyo ninayoiamini.

Kalenda ya kazi iwe ya Nairobi hasa, isiwe ya programu ilivyotoka dukani. Sikukuu ya Jamhuri ni tarehe 12 Desemba. Ikiangukia siku ya katikati ya wiki, meza nne zinapoteza saa 32, na 127 yetu inashuka hadi karibu 104. Kuna Krismasi, na kuna watu wanaosafiri nyumbani mapema kwa sababu nauli hupanda. Mfanyakazi ana haki ya likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka na siku moja ya mapumziko katika kila saba, na wengi huomba likizo hiyo wakati huohuo. Waulize Oktoba, uandike. Wako pia Waadventista wasiofanya kazi Jumamosi. Ukiwahesabia zile saa tano unajidanganya, na unawaweka mahali pabaya wao na wenzao. Mvua za vuli nazo hushuka Novemba, na barabara za Mukuru zikijaa maji, nusu ya zamu ya asubuhi itafika saa tatu badala ya saa mbili.

Saa za ziada zipangwe kabla hazijahitajika. Kanuni za jumla za mishahara nchini zinaweka kikomo cha saa 52 za kawaida kwa wiki kwa siku sita, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu siku za kazi, mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Mkurugenzi aione gharama hiyo mapema, na fundi apate nafasi ya kukubali au kukataa. Katika mfano wetu, saa mbili za ziada kwa siku tatu, meza nne, ni saa 24 kwa saa ya ukutani. Kwa kasi yetu halisi, 127 kwa kila 180, zitazaa kama saa 17 za kazi. Zinatosha kufunika zile 14. Ukizihesabu kama 24 kamili, utaahidi vitanda ambavyo havipo.

Kuna muda mwingine unaopotosha hesabu nzima usipoandaliwa: muda wa foleni. Kitanda hutumia dakika chache mikononi mwa watu na siku nyingi kikisubiri zamu yake mbele ya kituo. Tunaporudi nyuma kutoka tarehe ya kupeleka, lazima tuweke foleni hiyo kati ya kituo na kituo, la sivyo mzigo wa tanuri utaonekana wiki ya kuchomelea. Na foleni haikai ilivyo. Kituo kikijazwa hadi ukingoni, kila dakika ya hitilafu inarefusha mstari, na hakuna nafasi ya kuupunguza. Nina desturi ya kutokijaza kituo kinachobana zaidi ya asilimia 90 ya uwezo uliothibitika. Wenye mauzo huniona ninaficha saa. Ninaziacha makusudi, kwa ajili ya umeme wa Jumanne na kijiti chenye unyevu.

Vituo vingine havihitaji uangalifu huu wote. Msumeno wetu hutumika chini ya nusu ya wiki, na kufungasha hufanywa na yeyote aliye huru. Tazama kituo kinachobana, na kile kinachokilisha. Ila usidhani kinachobana leo kitabana kesho: oda ikiwa na rangi nne, kazi hukwama kwenye poda hata kama kuchomelea kuna nafasi. Na wiki inayoonekana nyepesi inaweza kuficha Ijumaa ambayo vitanda vyote vinafika kwenye tanuri pamoja. Msimu ukikaribia, gawa hesabu kwa siku.

La mwisho la kuandaa ni watu wa kuamua. Hesabu ya uwezo haisogezi oda yoyote. Inaonyesha tu pale palipozidi. Kabla ya kuifanya, kubalianeni nani anaweza kusogeza tarehe, nani anaidhinisha saa za ziada, nani anaruhusiwa kutoa kazi nje. Sisi tulikuwa na karakana jirani iliyokubali kutuchomelea fremu za ngazi, lakini tuliipelekea jigi na sampuli mwezi mzima kabla, tukakagua viungo vyao. Ukiwakimbilia siku ya kuzidiwa, utapokea fremu ambazo matundu yake hayalingani na yako.

Msimu ule, mzigo wa wiki ya Jamhuri haukuingia hata baada ya saa za ziada na fremu za jirani. Ilikuwa tarehe 20 Novemba, bado mapema. Nilimpigia mwalimu mkuu wa shule iliyoagiza vitanda 160.

"Mwalimu, shikamoo. Vitanda 100 vitatoka hapa kabla ya Krismasi. Hivi 60 vilivyobaki nitavipakia tarehe 3 Januari. Kama tarehe hiyo haikufai, niambie leo, bado ninaweza kumwomba mteja mwingine apishe."

Alinyamaza kidogo, nikasikia kalamu. Akauliza kama vile 100 vinaweza kuwa vya bweni la wasichana, kwa kuwa wao ndio wanaoripoti kwanza. Nikamjibu kwamba vinaweza, nikabadilisha rangi ya kundi la kwanza kwenye ratiba.