Soul food ya nyumbani: sukuma ya moshi, kunde na mkate wa mahindi

Watu wengi wakisikia soul food akili inaenda kwa kuku wa kukaanga na makaroni ya chizi, basi wanaona ni msosi wa gharama, kumbe kiini chake ni majani, kunde na unga wa mahindi, vitu ambavyo hata soko la mtaani kwako vipo. Ni chakula cha watu weusi wa kusini mwa Marekani, Georgia, Alabama, Mississippi huko, kimeanzia enzi za utumwa ambapo mtu alipewa mgao wa unga wa mahindi na nyama ya nguruwe ya chumvi, mboga akajilimia mwenyewe. Na kunde asili yake ni huku huku Afrika, zilivuka na meli za watumwa. Jina la soul food lilishika miaka ya 1960, familia nyingi zikiwa zimeshahamia kaskazini na mapishi yao, ndo kipindi mama mmoja mpishi, Sylvia Woods, alifungua mgahawa wake Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, mwaka 1962.

Sasa tupike. Hii inatosha watu wanne mpaka sita.

Anza na nyama. Unatafuta nyama iliyokaushwa kwa moshi, karibu nusu kilo. Zamani ilikuwa nguruwe, siku hizi wengi wanatumia paja au bawa la bata mzinga wa moshi, na mimi nashauri hiyo hasa kwa nyumba zisizokula nguruwe. Hujapata? Nyama ya ng'ombe ya moshi inafaa kabisa. Weka kwenye sufuria kubwa, maji lita 2, kitunguu kimoja kikubwa, vitunguu saumu punje nne, pilipili kavu kidogo, chemsha moto wa wastani kama saa nzima mpaka nyama ianze kuachia mfupa. Chumvi usiguse bado! Nyama yenyewe ina chumvi, utaonja mwishoni.

Hapo kwenye sukuma naomba unisikilize vizuri maana sisi tumezoea kukatakata nyembamba, kitunguu, nyanya, dakika tano imeiva. Hii sivyo. Chukua kilo moja ya majani makubwa yaliyokomaa, osha maji matatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, toa ule uti mgumu wa katikati, panga majani uyaviringishe kisha kata vipande vipana vya vidole viwili hivi. Tia kwenye ile supu ya nyama, yataonekana mengi mno ila dakika chache tu yanakaa chini, funika, moto mdogo, dakika 45 mpaka saa moja. Yatapoteza ule ukijani mkali yawe ya kizeituni, usiogope, ndo yanavyotakiwa. Mwishoni siki kijiko kikubwa kimoja, onja chumvi. Ule mchuzi uliobaki wanauita potlikker na kwangu mimi ndo utamu wote ulipo, ukiumwaga umemwaga chakula.

Kunde hazina mambo mengi. Vikombe viwili vya kunde kavu, chagua mawe, loweka usiku kama unataka ziwahi kuiva, chemsha na kitunguu na kipande cha ile nyama ya moshi mpaka zilainike na mchuzi uwe mzito.

Mkate wa mahindi: unga wa mahindi kikombe kimoja na nusu (dona ni bora kuliko sembe, una chengachenga zake), unga wa ngano nusu kikombe, beking pauda kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko kidogo, mayai mawili, mtindi kikombe kimoja na nusu, siagi iliyoyeyushwa vijiko vikubwa vinne. Sukari watu wanabishana sana kule, mi naiacha, mchuzi wa sukuma hautaki utamu. Siri iko kwenye kikaango: chukua cha chuma kizito, tia mafuta kidogo, kiingize kwenye oveni ya nyuzi 220 za Selsiasi mpaka kiwe moto kweli, afu ndo umimine rojo, lazima usikie chwaaa! Hiyo ndo inakupa ule ukoko wa kahawia chini. Dakika 20 hadi 25, choma kijiti katikati kikitoka kikavu toa. Huna oveni, tumia sufuria nzito jiko la mkaa, moto mdogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko, kama unavyooka keki, ila chungulia mapema.

Pakua kunde, sukuma pembeni na vipande vya nyama, mchuzi mwingi kwenye bakuli, mkate unachovya humo humo ukiwa wa moto. Wenyewe wanakula kunde na majani tarehe 1 Januari kwa ajili ya heri na pesa za mwaka, kunde wanazichanganya na wali. Zikibaki zako fanya hivyo hivyo kesho yake, na ule mkate uliolala ukate vipande ukaange na siagi kidogo.