Wali wa mchele usiokobolewa na mboga za kijani

Chakula hiki huharibika pale mpishi anapotia mchele na mboga sufuriani kwa wakati mmoja. Mchele usiokobolewa unataka nusu saa motoni au zaidi, spinachi inataka dakika 2. Ukivipika pamoja utapata wali mzuri uliochanganyika na majani yaliyorojeka, rangi ya matope. Mimi hupika kila kimoja kivyake, navikutanisha mwisho kabisa.

Kuloweka nilifundishwa na mama bila yeye kusema neno. Meno yake yalikuwa yamedhoofika, na wali wangu wa kwanza aliuacha nusu sahani. Ganda la ndani linalobaki kwenye punje ndilo lenye nyuzinyuzi na vitamini B nyingi, ila ndilo pia linalochelewesha maji kupenya. Tangu hapo naloweka vikombe 2 vya mchele kwa saa 6 hadi 8, namwaga maji yale, nauosha tena.

Nachemsha maji kama lita 2, natia kijiko 1 cha chai cha chumvi, kisha mchele. Kipimo cha maji hakinisumbui kwa sababu nitayachuja. Baada ya dakika 25 naanza kuonja. Punje ikiwa laini na kiini chake bado kinashika kidogo, namwaga kwenye chujio, naurudisha wali sufuriani, nafunika, nauacha dakika 10 moto ukiwa umezimwa. Mvuke unamalizia kiini, na wali unachambuka. Ukiruka hatua hii utakula wali wenye majimaji.

Mchele ukiwa bado unachemka, nakaanga vitunguu maji 2 kwa vijiko 3 vya chakula vya mafuta, moto wa wastani, hadi viwe na rangi ya dhahabu. Usiviharakishe, maana hakuna nyama hapa na ladha yote inajengwa na kitunguu. Natia bizari nzima kijiko 1 cha chai, punje 4 za kitunguu saumu zilizopondwa, na pilipili manga. Kitunguu saumu kikishanukia, sekunde 30 hivi, zinafuata njegere kikombe 1 na maji kidogo, dakika 4.

Spinachi, gramu 300 hivi, naitenganisha: vikonyo nakatakata na kuvitia pamoja na njegere, majani yanasubiri. Rundo la majani litaonekana kubwa kupita kikaango. Usishtuke, litanywea. Ligeuze mara mbili tatu bila kufunika, kwa sababu mfuniko hurudisha ndani asidi inayotoka na mvuke, na asidi hiyo ndiyo inayofifisha kijani. Soda ya kupikia sitii kamwe. Hulinda rangi, kweli, lakini huivuruga mboga na kuharibu vitamini C.

Sasa natia wali kwenye kikaango, pamoja na kikombe 1 cha dengu za kijani nilizochemsha kando. Dengu zina lisini, sehemu ya protini ambayo mchele unayo kwa uchache, na kwa asiyekula nyama nadhani hazifai kuachwa. Geuza kwa mwiko mpana, ukiinua kutoka chini, ili punje zisivunjike.

Limau ni la mwisho, moto ukiwa umezimwa. Ukilikamua mapema mboga zitageuka hudhurungi, nami nimeona sahani nyingi nzuri zikipoteza sura kwa sababu hiyo tu. Vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye dengu na mboga. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo sinywi pamoja na chakula hiki, naiacha kwa saa 1 hivi. Juu nyunyiza ufuta uliokaangwa mkavu.

Unatosha watu wanne wenye njaa. Ukibaki, usiuache mezani zaidi ya saa 2: wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na huzaliana wali ukikaa na uvuguvugu. Utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, utie kwenye jokofu, na kesho upashe hadi utoe mvuke kote. Spinachi ya kiporo huwa imefifia, basi mimi hutia kiganja kimoja cha majani mabichi wakati wa kupasha.