Somo: Kutafuta na Kukagua Mabomba ya Maji Machafu Yaliyofukiwa Uani

Anayetaka kuchimba msingi wa banda, kujenga ukuta wa uani au kupanda mti mkubwa hana budi kujua kwanza bomba la maji machafu limepita wapi. Hapa Unguja jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa maji tunayokunywa, yawe ya kisima cha nyumbani au ya bomba la ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar), kwa sehemu kubwa hutoka chini ya ardhi hii hii, na jiwe la matumbawe tulilojenga juu yake lina nyufa na mapango ambamo maji machafu hupita bila ya kuchujwa. Bomba linalovuja kwenye mchanga mara nyingi halitoi dalili juu ya ardhi, na ndiyo maana tunalitafuta kabla halijatutafuta.

Hatua ya kwanza ni kuanzia ndani ya nyumba. Andika kila mahali maji yanapoingia: choo, bafu, sinki la jikoni, pa kufulia. Kwa kawaida bomba la choo huwa la inchi 4 na la sinki ni jembamba zaidi. Kisha zunguka nje utazame bomba la hewa na mahali kila bomba linapotoboa ukuta. Ikiwa fundi aliyejenga bado yupo, muulize, lakini usichimbe kwa maneno yake peke yake.

Hatua ya pili ni kufungua chemba, yaani kishimo chenye kifuniko cha kukagulia mabomba, na hapa ndipo penye elimu kubwa kuliko kwengine kote. Kifuniko cha zege kiinuliwe na watu wawili kwa mtaimbo, kisha chemba iachwe wazi kwa muda ili hewa mbaya itoke. Usiwashe kiberiti karibu, na usiingize kichwa. Kuhusu karo lenyewe, yaani shimo linalopokea maji machafu, asishuke mtu kwa sababu yoyote ile, hata kumwokoa aliyezimia ndani, kwani hewa ile humwangusha wa pili kama ilivyomwangusha wa kwanza.

Ukiwa juu, tazama midomo ya mabomba inaelekea upande gani, kisha pima kina hadi kwenye sakafu ya bomba. Vifuniko viwili mara nyingi haviko usawa mmoja, kwa hiyo tumia mpira wa maji, ule mwangavu wa mafundi, ili vina vyote vipimwe kutoka usawa mmoja. Kwa bomba la inchi 4, mteremko mzuri ni sentimita 2.5 kwa kila mita. Chemba mbili zilizoachana kwa mita 12 zitatofautiana kina kwa sentimita 30. Ukikuta tofauti ni sentimita 5 tu, basi umeshajua kwa nini choo kinaziba kila mara.

Hatua ya tatu ni rangi. Changanya rangi ya chakula nyekundu au ya kijani katika ndoo ya maji; ile ya manjano ya biriani haifai, kwa kuwa haitambulikani ndani ya maji machafu. Mmoja amwage sehemu moja tu, mwengine asimame kwenye chemba, na msihamie sehemu nyengine mpaka rangi ya kwanza imeondoka kabisa. Rangi isiyotokea popote inaonyesha kuwa kuna chemba iliyofukiwa, au bomba lina njia yake peke yake, au limevunjika.

Hatua ya nne, vuta kamba kutoka chemba hadi chemba, kwani baina yao bomba hulazwa moja kwa moja. Hakiki kwa kuchomeka taratibu kipande cha nondo chenye ncha butu, baada ya kuhakikisha kuwa hakuna waya wa umeme uliozikwa hapo. Mtaimbo usitumike kwa kazi hii, maana unatoboa plastiki bila ya mkono kuhisi.

Hatua ya tano ni kupima kuvuja. Ziba mdomo wa chini kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukifunge kamba imara ili kisipotelee ndani. Zuia matumizi ya maji nyumbani, jaza maji hadi chemba ya juu, subiri yatulie, tia alama, kisha rudi baada ya nusu saa. Maji yaliyoshuka chini ya alama yana pahala yanapotokea.

Mwisho, chora ramani. Kila chemba ipimwe kutoka pembe mbili za nyumba, kwani miti hukatwa na kuta za uani huvunjwa, bali pembe za nyumba hubaki.

Maswali ya wanachama

Maalim, sisi tupo Makunduchi, ardhi yetu ni uwanda mtupu, yaani jiwe la matumbawe, na nondo haiingii. Tufanyeje?

Ndugu yangu, katika uwanda nondo haina kazi. Ingiza kutoka kwenye chemba bomba jembamba jeusi la plastiki, lile gumu la kuvutia maji, mpaka likwame. Litie alama, lichomoe, kisha lilaze juu ya ardhi kufuata upande ule ule. Mwisho wake utakuonyesha takriban palipo kizuizi au kona. Tazama pia mstari wa kifusi, kwani mtaro uliokatwa katika jiwe hujazwa udongo wenye rangi tofauti na pembeni yake.

Fundi, wakati wa kaskazi nyasi zote hukauka isipokuwa mstari mmoja uani kwetu Fuoni. Je, ni bomba la choo?

Huenda, lakini huenda pia ni bomba la maji safi. Bi mkubwa, funga mifereji yote ya kutolea maji nyumbani usiku na usome mita. Ikiendelea kuzunguka, anza na maji safi. Isipozunguka, fanya jaribio la hatua ya tano.

Maalim, kisima chetu kipo karibu na karo la jirani. Nikitia rangi na isitokee kisimani, maji ni salama?

Hapana, mwanangu. Rangi huweza kupungua njiani isionekane, na vijidudu vikafika. Masafa yanayopendekezwa ni mita 30 kwa uchache, na katika jiwe lenye nyufa huhitajika zaidi. Peleka maji yakapimwe maabara, na mpaka majibu yatoke yachemsheni kabla ya kunywa.